Muda wa robo maili

Muda wa robo maili ni muda ambao gari hutumia kukata futi 1,320, yaani mita 402, kwenye njia iliyonyooka, likianza kutoka kusimama. Ndicho kipimo kikuu cha mbio za dragi, mchezo uliopata sura yake ya sasa kusini mwa California baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uwanja wa Santa Ana ulianza mwaka 1950 kwenye njia ya ndege, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, ambacho kanuni zake hufuatwa au kuigwa katika viwanja vingi duniani. Magari yenye nguvu kuliko yote ya chama hicho, yale ya Top Fuel na Funny Car, hayakimbii tena umbali huo. Tangu 2008, baada ya Scott Kalitta kufa katika uwanja wa Englishtown, New Jersey, hushindana kwa futi 1,000. Robo maili kamili imebaki kwa madaraja mengine, likiwemo gari la kawaida lenye namba za barabarani, linalomfikisha mwenyewe kazini siku za wiki na kumpeleka uwanjani Jumamosi.

Makala haya yanahusu gari la namna hiyo: jinsi ya kujua linapoteza muda wapi, na jinsi ya kuurudisha muda huo. Mfano utakaotumika ni Ford Mustang 5.0 ya 1987 hadi 1993. Lilikuwa gari la bei nafuu, mafundi wa mitaani wa Marekani wamelifungua na kulifunga kwa miongo mitatu, na udhaifu wake unajulikana vizuri. Injini yake ya V8, yenye inchi za ujazo 302, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 225 hadi 1992. Giaboksi ya gia tano iliitwa T-5, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma.

Kikaratasi cha muda

Kila baada ya mbio dereva hupewa kikaratasi. Kina muda wa kuitikia taa, muda wa gari kupita futi 60, 330, 660, 1,000 na 1,320, na kasi katika nusu ya njia na mwishoni. Wenye magari wengi hutazama mstari wa mwisho tu, wakakikunja na kukitia mfukoni. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mistari ya katikati ndiyo inayoonyesha ugonjwa, na ni ya bure. Vifaa vya kununua si vya bure.

Muda wa kuitikia huwachanganya wageni. Taa za kuanzia, ziitwazo Mti wa Krismasi, zilianza kutumika katika mashindano ya taifa ya NHRA mwaka 1963. Kwa madaraja ya kawaida taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine, nusu sekunde kwa kila moja, kisha kijani. Wepesi wa dereva kuifuata kijani huamua mshindi pale magari mawili yanaposhindana, lakini hauingii kabisa katika muda wa robo maili. Saa ya robo maili huanza pale gurudumu la mbele linapouachia mwali wa mwanga kwenye mstari. Dereva anaweza kuchelewa sekunde nzima baada ya kijani na bado akapata muda bora kuliko yote aliyowahi kupata. Anayelipima gari, badala ya kumfukuza jirani, hana sababu ya kuivizia taa.

Kwa sababu hiyo hiyo, namna ya kusimama kwenye mstari ina uzito wake. Taa mbili ndogo za juu huonyesha kwamba gari limekaribia mstari na kwamba limefika. Anayesimama mara tu taa ya pili inapowaka huwa na inchi kadhaa za kujongea kabla saa haijaanza, na anayejisogeza mpaka taa ya kwanza izimike huanza kuhesabiwa karibu papo hapo. Tofauti inaweza kufika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu akibadilisha kifaa na pia mahali pa kusimama, hatajua lipi lilimsaidia.

Kasi ya mwisho nayo si kasi ya papo kwa papo. Ni wastani wa futi 66 za mwisho za njia. Namba hii ndiyo inayostahili kusomwa kwanza, kwa sababu haiyumbishwi sana na uondokaji. Gari lililoserereka mwanzoni hufika mwisho limechelewa, lakini hufika na kasi ile ile au karibu yake. Kwa hiyo kasi ya mwisho inasimulia habari za injini, na muda unasimulia habari za injini, matairi na dereva kwa pamoja. Karibu uchunguzi wote unatokana na kuzitenganisha habari hizo.

Hesabu ya kutenganisha

Katika miaka ya 1960 mwandishi wa magari Roger Huntington alionyesha kwamba kasi ya mwisho hufuata kipeuo cha tatu cha nguvu ya injini ikigawanywa kwa uzito wa gari. Fomula inayotumika sana leo, inayohusishwa na Patrick Hale, husema hivi: gawanya uzito wa gari na dereva, kwa ratili, kwa nguvu za farasi, kisha utafute kipeuo cha tatu. Zidisha jibu kwa 5.825 upate muda kwa sekunde. Gawanya 234 kwa jibu lile lile upate kasi kwa maili kwa saa. Mustang ya ratili 3,400 pamoja na dereva, ikiwa na farasi 225, hutoa sekunde 14.40 na maili 94.7 kwa saa, yaani kilomita 152. Ndipo hasa magari hayo, yakiwa mazima na dereva akiwa hodari, huangukia.

Ukizidisha muda na kasi za fomula hii, jibu ni karibu 1,363 kwa gari lolote, liwe zito au jepesi. Namba hiyo moja ni chombo cha uchunguzi. Chukua kikaratasi cha mfano: futi 60 kwa sekunde 2.40, nusu ya njia kwa 9.90, mwisho 15.10 kwa maili 95. Zidisha, unapata 1,434. Kasi ni ya gari zima kabisa, kwa hiyo injini haina kosa. Gari lenye kasi hiyo lilistahili sekunde 14.35, na robo tatu za sekunde zimepotelea njiani. Futi 60 zinaonyesha mahali: sekunde 2.40 ni nyingi mno.

Sasa tazama kikaratasi kingine cha gari lile lile: futi 60 kwa 2.05, nusu kwa 9.30, mwisho 14.75 kwa maili 90. Muda huu ni bora kuliko wa kwanza, na mwenye gari huenda akafurahi. Lakini jibu la kuzidisha limeshuka hadi karibu 1,330, na kasi imepungua kwa maili tano. Dereva ameondoka vizuri, na injini imeishiwa pumzi baadaye. Njia nyingine ya kuliona hilo ni kutoa muda wa nusu ya kwanza kwenye muda wote. Gari la kwanza lilikata nusu ya pili kwa sekunde 5.20, na hili kwa 5.45. Uondokaji hauwezi kulaumiwa kwa yaliyotokea baada ya futi 660.

Namba 1,363 si sheria kwa kila gari. Subaru ya magurudumu manne yanayosukuma huondoka vizuri kiasi kwamba kwa kawaida huwa chini yake bila kuwa na ugonjwa wowote. La maana ni gari kulinganishwa na lenyewe, na mwenye gari ajue namba yake ya siku njema.

Futi 60 za kwanza

Sehemu moja ya kumi ya sekunde iliyookolewa kwenye futi 60 huzaa sehemu moja na nusu hadi mbili mwishoni, kwa kuwa gari linalotangulia mapema hubaki limetangulia njia nzima. Hakuna sehemu nyingine ya njia inayolipa kiasi hicho. Gari lenye matairi ya kawaida likipita futi 60 kwa kati ya sekunde 2.0 na 2.2 limeondoka vizuri. Matairi ya radiali yaliyotengenezwa kwa dragi huweza kulishusha gari lile lile hadi 1.8 au chini zaidi. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anunue matairi.

Kabla ya kununua chochote, kuna upepo wa matairi, ambao hauna gharama. Punguza paundi mbili mbili kwenye magurudumu yanayosukuma, na uandike futi 60 za kila mbio. Tairi la barabarani huacha kunufaika mapema, mara nyingi kwenye paundi ishirini na kitu, na likishushwa zaidi hujikunja katikati na kulifanya gari liyumbe kwenye kasi kubwa. Kwa gari la magurudumu ya mbele yanayosukuma kazi ni ngumu zaidi, maana uzito hukimbilia nyuma gari linapochomoka na kuyaacha mepesi yale yanayohitaji kushika. Upepo wa matairi yasiyosukuma unaweza kuongezwa ili yaviringike kwa urahisi, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Kuna kosa linalofanywa kila wiki katika kila uwanja. Dereva mwenye matairi ya kawaida huingia kwenye dimbwi la maji lililo nyuma ya mstari na kuyazungusha magurudumu kwa moshi mwingi, kama alivyoona wakubwa wakifanya. Maji yale yamewekwa kwa ajili ya matairi laini yasiyo na mifereji. Tairi lenye mifereji huyabeba maji mpaka kwenye mstari wa kuanzia na kuyamwaga pale pale linapotakiwa kushika. Zunguka pembeni ya dimbwi, pangusa matairi kwa kuyazungusha kidogo sana kwenye sehemu kavu, kisha usogee.

Mwenye giaboksi ya kawaida hujifunza kwa mguu. Akiondoka na mizunguko michache injini hulemewa. Akizidisha, matairi huzunguka bure. Mustang 5.0 ina nguvu nyingi kuanzia chini, na madereva wengi huiondoa vizuri kwa mizunguko 1,500 hadi 2,500 kwa dakika kwenye matairi ya kawaida, wakiiachia klachi kwa kuisikiliza na kukanyaga mafuta yote baada tu ya tairi kushika. Kuna tatizo moja zaidi ambalo halitibiwi kwa mguu: ekseli ya nyuma hurukaruka na gari zima kutetemeka. Bushi za mpira zinazoshika mikono ya ekseli hujikunja na kujirudisha kwa mfululizo. Ford wenyewe waliliona na kuongeza shokapu mbili za kulala katikati ya miaka ya 1980. Bushi zilizokwisha zibadilishwe, na dereva anapousikia mtetemo huo aachie mafuta mara moja, kwani ndio unaovunja difu na meno ya T-5.

Difu yenyewe ndiyo badiliko ambalo wenye Mustang hulisifu kuliko yote. Magari mengi yalitoka kiwandani na uwiano wa 2.73 au 3.08, uliochaguliwa kwa ajili ya kubana mafuta kwenye barabara kuu. Uwiano wa 3.73 huongeza msukumo katika kila gia bila kugusa injini. Lakini badiliko hilo lisifanywe kabla futi 60 hazijatengemaa. Gari linaloserereka kwa 2.73 litaserereka zaidi kwa 3.73, na kikaratasi kitatoka kibaya kuliko cha jana.

Kasi inapopungua

Kikaratasi cha pili, kile cha maili 90, kinamwelekeza fundi kwenye boneti. Aanze na mambo mepesi. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame throtoli kama inafunguka yote. Waya iliyolegea au zulia lililosogea chini ya kanyagio huiba farasi wengi kuliko watu wanavyodhani. Chujio la hewa litazamwe. Gari lipigwe jeki na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono, kwani breki inayoshika kidogo huvuta njia nzima.

Kisha mafuta. Kwenye injini hii, presha ya mafuta bomba la ombwe likiwa limechomolewa huwa karibu paundi 39 kwa inchi ya mraba. Kipimo cha gereji injini ikinguruma bila mzigo hakitoshi, maana pampu iliyochoka hutoa presha nzuri pale na kushindwa gari linapokuwa gia ya tatu. Saa ya presha inapaswa kuonekana gari likiwa katika mbio, ikifungwa nje ya kioo cha mbele, kamwe si ndani kwa abiria. Pampu ikiwa nzima na chujio la mafuta likiwa jipya, tazama taimingi. Kiwanda kiliiweka digrii 10; wenye Mustang wengi huisogeza hadi 13 au 14 wakitumia petroli ya oktani ya juu, na huona faida kwenye kasi ya mwisho. Kichomeko kidogo kiitwacho spout lazima kitolewe wakati wa kupima na kurudishwa baadaye, la sivyo kipimo ni cha uongo. Injini ikianza kugonga, rudisha taimingi nyuma bila kubishana nayo.

Mizunguko ikipanda ghafla bila kasi kupanda, hasa katika gia za juu, klachi inateleza. Nguvu ikipotea kwa mizunguko mingi tu, wakati gari linakwenda vizuri mjini, masega ya egzosti huenda yameziba. Na mara nyingine mkosaji ni dereva anayechelewa kubadilisha gia: injini hii hufikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 4,200, na kuivuta hadi 6,000 ni kupoteza muda kwa kelele nyingi. Jaribu 5,000, kisha 5,300, na kasi ya mwisho itatoa jibu. Magari ya baadaye yamerahisisha mambo haya. Tangu 1996 kila gari jipya la abiria lililouzwa Marekani lina soketi ya OBD-II, na kifaa kidogo huweza kurekodi taimingi, joto la hewa na mafuta kwa mbio nzima. Kwa gari la turbo rekodi hiyo haina mbadala, kwa kuwa kompyuta hurudisha taimingi nyuma kimya kimya hewa inapopata joto.

Hewa

Muda hauwezi kulinganishwa bila hali ya hewa. Hewa ya joto, yenye unyevu au ya mahali pa juu ina oksijeni pungufu, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Uwanja wa Bandimere karibu na Denver, uliofanya kazi kuanzia 1958 hadi 2023, ulikuwa kwenye takriban futi 5,800, karibu kimo kile kile cha Nairobi. Mustang yetu ya sekunde 14.40, ikipungukiwa asilimia 17 ya nguvu mahali kama hapo, hupanda kwa hesabu hadi sekunde 15.3 bila kuugua. Uwanja wowote ulioko kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini huwatendea madereva wake vivyo hivyo. Turbo huweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na mwenye gari la turbo Nairobi anajua jinsi magari makubwa yasiyo nayo yanavyomkaribia akishuka Mombasa. Andika joto, kanieneo ya hewa na unyevunyevu nyuma ya kila kikaratasi.

Joto la injini lenyewe pia lina nguvu. Mbio zikifuatana bila mapumziko, kila moja huwa ya polepole kuliko iliyotangulia. Wenye Mustang huzima injini, hufungua boneti na kuweka mifuko ya barafu juu ya mabomba ya kuingizia hewa. Oili na giaboksi, kinyume chake, hupenda kuwa na joto.

Uzito

Kwa fomula ile ile, kupunguza ratili 100, yaani kilo 45, huipa Mustang hii sekunde 0.14, na farasi 10 za ziada huipa 0.2. Jeki, spana na mizigo ya buti vitoke. Tairi la spea lifikiriwe mara mbili, kwa kuwa liko nyuma ya ekseli na husaidia matairi kushika. Mafuta yawe robo tangi hivi. Yakiwa machache zaidi hukimbilia nyuma gari linapochomoka na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Mikanda ya usalama na breki haviguswi.

Usalama na mahali pa kukimbilia

Kanuni za NHRA hudai kofia ngumu kwa gari linalofika sekunde 13.99 au chini yake. Kuanzia 11.49 hudai fremu ya chuma ya kumlinda dereva gari likipinduka, ingawa magari ya miaka ya karibuni yamepewa nafuu. Dereva wa 9.99 au chini yake lazima awe na leseni ya mashindano. Gari hukaguliwa kabla ya kuingia: betri iwe imefungwa imara, na kusiwe na kinachovuja, kwani matone ya maji ya rejeta kwenye njia humwangusha anayefuata.

Kwa Waswahili walioko Ghuba viwanja viko karibu: Bahrain International Circuit, Yas Marina huko Abu Dhabi, na Qatar Racing Club mjini Doha vyote vina njia za dragi zenye mwanga wa usiku, muda ambao hewa ni baridi zaidi. Mahali pasipo na uwanja, kuna wanaopima barabarani usiku. Barabara ina watembea kwa miguu, bodaboda zisizo na taa na ng'ombe, na haina nafasi ya kusimamia gari la kilomita 150 kwa saa. Kifaa cha GPS kinaweza kutumika kwenye njia ya ndege iliyokodiwa au eneo lililofungwa kwa kibali, na hufanya kazi nzuri kwa masharti mawili. Kwanza, njia isiwe na mteremko, kwani hata mteremko mdogo huongeza kasi isiyotokana na injini. Pili, kifaa kiwekwe kutohesabu futi ya kwanza, kama taa za uwanja zinavyofanya. Bila hivyo muda wake utakuwa mrefu kwa kiasi cha sekunde 0.2 hadi 0.3 kuliko ule ambao gari lile lile lingepata uwanjani.